Talbot Alishatoweka: Msituletee Cheti Chake

Siku hizi dawati letu la vibali vya kuingiza wanyama nchini linapokea fomu ambazo, pale panapoulizwa aina ya mbwa, pameandikwa "Talbot". Zinaambatana na picha ya mbwa mweupe, masikio yananing'inia, na cheti cha ukoo chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Hatuwashuku waombaji, wengi wameuziwa hivyo. Ila mbwa huyo hayupo.

Talbot alikuwa mbwa wa Uingereza wa kuwinda kwa kunusa: mweupe, mzito, mwendo wa taratibu. Tazama kitabu alichotunukiwa Malkia Margaret wa Anjou mnamo 1445. Lodi John Talbot wa Shrewsbury amepiga magoti anamkabidhi, na nyuma yake kasimama mbwa mweupe. Mbwa huyo ni nembo ya ukoo wa Lodi Talbot. Hapa ndipo watu wanapojichanganya: wanaona nembo, wanadhani mbwa bado yupo. Nyumba za wageni za huko nazo zilimchora kwenye vibao vya mlangoni, kibao hakizai.

Hakumalizwa na ugonjwa. Katika karne ya 18 mabwana wa Uingereza walinogewa na kuwinda mbweha, na mbweha hangoji mbwa mzito. Hugo Meynell, mwindaji aliyeanza kufuga mbwa wake kule Quorn, Uingereza, mwaka 1753, alisaka kasi, na wengine wakamfuata. Wazito wakapandishwa na wepesi, kizazi baada ya kizazi, mpaka Talbot halisi akakosekana. Bloodhound na Beagle, aina za mbwa wa kunusa waliopo hadi leo, wanatajwa kuwa na damu yake.

Sasa hicho cheti. Chama cha wafuga mbwa cha Uingereza kilianzishwa 1873, Talbot akiwa ameshasahaulika. Cheti cha ukoo kinataka wazazi walioandikishwa. Wake waliandikishwa wapi, na nani?

Kibali kinaombwa kabla mbwa hajasafiri, si akiwa tayari uwanja wa ndege. Ambatisha cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali ya nchi anakotoka, pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa inayoonyesha tarehe na namba ya dawa. Jina, rangi na umri vilingane kwenye karatasi zote. Visipolingana, fomu inarudishwa. Kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai, na anayetia saini ni wewe, muuzaji hayumo. Kama ni chotara, andika chotara. Masharti ni yale yale.