Je, wajua? Afya inaweza kusogea hata kilo zikigoma

Chukulia mama wa miaka 40 anayeishi Njiro, Arusha. Kwa miezi mitatu ameamka alfajiri, amevaa raba na kutembea na wenzake wa kikoba kabla ya kufungua duka. Soda ameacha. Maandazi ya asubuhi amepunguza. Siku anapopita kwa kijana mwenye mizani kando ya barabara, namba ni ileile ya siku ya kwanza. Hapo ndipo wanawake wengi huvua raba wasizivae tena, wakiamini kwamba miezi yote ile imekwenda bure.

Haikwenda bure. Mwilini mwake kuna mambo yaliyobadilika na yanayopimika, ila mizani haiwezi kuyaona. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuangalia njia mbili ambazo watafiti wamekuwa wakizilinganisha kwa wanawake wenye miili mikubwa kwa zaidi ya miaka 20 sasa.

Njia ya kwanza ni kupunguza uzito kwa kubadili mazoea. Usiichanganye na chai za kuharisha na mikanda ya kubana tumbo zinazouzwa mitandaoni; hizo hazimo kabisa. Hii ni kazi ya mpangilio. Mwanamke anaandika kwenye daftari kila anachokula, anapima uzito mara kwa mara, anapangiwa kula kalori 500 hadi 750 pungufu ya zile mwili wake unazotumia kwa siku, na anakutana na mshauri pamoja na wenzake karibu kila wiki. Programu nzuri ya aina hii hupunguza kwa wastani asilimia 5 hadi 10 ya uzito ndani ya miezi sita. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kati ya kilo 4 na nusu na 9.

Njia ya pili inaweka mizani kabatini. Mwanamke anajifunza kutambua njaa na shibe yake, anakula vyakula vya aina nyingi bila kupigwa marufuku, anafanya mazoezi anayoyapenda, analala vya kutosha na anaacha kuusema mwili wake vibaya. Uzito ukishuka, sawa. Usiposhuka, kazi inaendelea, kwa sababu kinachofuatiliwa ni presha, sukari, kolesteroli, pumzi na utulivu wa akili.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, walichapisha matokeo ya kuzishindanisha njia hizi kwa wanawake 78 wenye umri wa miaka 30 hadi 45, ambao wote walikuwa wamehangaika na dayati kwa muda mrefu. Kundi la dayati lilipungua mwanzoni. Baada ya miaka miwili uzito ulikuwa umerudi, na faida za mwanzo hazikudumu. Kundi lisilotazama mizani halikupungua, lakini presha na kolesteroli yao vilishuka, walijishughulisha zaidi, na dalili za sonona zilipungua. Namba inayonigusa zaidi ni ya walioacha: katika miezi sita ya mafunzo, zaidi ya asilimia 40 ya kundi la dayati walijitoa, kwa wenzao ni asilimia 8 tu. Dawa inayotupwa na karibu nusu ya wagonjwa ina kasoro, hata kama kwa waliobaki inafanya kazi.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwachukua wanawake 80 wa umri huohuo. Kundi la kupunguza uzito lilipungua zaidi, ingawa si kwa kudumu. Kundi la pili lilishusha zaidi ile kolesteroli mbaya inayoziba mishipa, na likajua zaidi kula kwa kusikiliza njaa. Wanawake 78 na wanawake 80 ni wachache, na sitajenga juu yao dai kubwa kuliko wanavyobeba. Hata hivyo matokeo hayo yanaelekea upande mmoja.

Sasa, kwa nini uzito hurudi? Wengi hujibu kwamba ni uzembe, na hilo limewaumiza wanawake wengi bila sababu. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mtu akipungua, leptini hushuka na ubongo unasoma hali hiyo kama njaa inayokuja. Homoni nyingine inayochochea njaa, grelini, hupanda. Wakati huohuo mwili unaanza kubana matumizi: mtu aliyepungua asilimia 10 hutumia nishati kidogo kuliko mwenzake mwenye uzito huohuo ambaye hakuwahi kupungua. Watafiti wa Australia waliwapima watu 50 waliopungua kwa dayati kali, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilikokuwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa hiyo anayerudisha kilo anapambana na mwili unaojilinda kwa njia iliyowavusha mababu zetu kwenye miaka ya ukame.

Na kwa nini afya inaweza kuwa bora bila kilo kushuka? Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata insulini, homoni inayosaidia sukari itoke kwenye damu, ikiwa kidogo, na baada ya kutembea kwa haraka unabaki msikivu kwa insulini kwa siku moja hivi au zaidi. Mishipa ya damu hulegea, na kwa mwenye presha ya kupanda, mazoezi ya kila wiki yanaweza kuishusha ile namba ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Mafuta yaliyojificha tumboni kuzunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yenye madhara zaidi, hupungua kwa mazoezi hata pale uzito wote usipobadilika. Tena mwili wa mwanamke hushika maji siku za kukaribia hedhi, na mizani huyahesabu maji hayo kama kilo.

Kuna utafiti mmoja ninaotamani kila kliniki ya kisukari ya Moshi na Arusha iwasimulie akina mama, kwa sababu unazikutanisha njia zote mbili. Ulifanyika Marekani kwa watu 3,234 waliokuwa wanakaribia kupata kisukari, wengi wao wanawake, na matokeo yalitoka mwaka 2002. Lengo lilikuwa kupungua asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliofuata mpango huo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, waliupunguza kwa asilimia 31. Kila kilo iliyopungua iliondoa kama asilimia 16 ya hatari. Huo ni ushindi wa wazi wa njia ya kwanza, na mtu asidanganywe kwamba kilo hazina maana.

Lakini watafiti walipowachambua wale ambao hawakulifikia lengo la uzito, walikuta kwamba waliotimiza dakika zao za mazoezi walipata kisukari kwa asilimia 44 pungufu ya wale ambao hawakutimiza chochote. Mizani iliwaambia wameshindwa, damu ikasema vingine. Walipofuatiliwa miaka 10, kundi la mpango lilikuwa limerudisha sehemu kubwa ya kilo zake, na bado hatari ya kisukari ilikuwa chini kwa asilimia 34.

Zipo hali ambazo kilo zenyewe ndizo zinazobeba mzigo wa kesi. Mwenye maumivu ya goti ajue kwamba kila kilo moja inayoondoka hupunguza takribani kilo nne za mgandamizo gotini kwa kila hatua. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini hupata nafuu akipungua, na mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika kwa sababu ya homoni na vifuko kwenye ovari anaweza kurudi kupevusha mayai akipungua asilimia 5 hadi 10. Kwa aliyepata kisukari cha aina ya pili karibuni, Uingereza mwaka 2018 walionyesha kwamba kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 waliweza kuacha dawa na sukari ikabaki chini ya kiwango cha ugonjwa kwa mwaka huo. Kwa moyo mambo yalikuwa tofauti: wagonjwa 5,145 wa kisukari Marekani walifuatiliwa kwa karibu miaka 10; waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito wakapungua, lakini mishtuko ya moyo na kiharusi haikupungua kuliko kwa wenzao wasiowekwa.

Tafiti hizi zilifanywa ughaibuni, na kuzileta Kilimanjaro kunahitaji busara. Mafunzo ya njia ya pili yanasema acha kula ukishiba. Jaribu kuyasema hayo Kibosho, mama mkwe akiwa ameshika upawa wa mtori na anasubiri sahani yako. Kukataa mara ya pili ni kama kumkataa yeye. Wengi niwajuao huanza na sahani ndogo na kula taratibu, ili upawa wa pili upate nafasi bila ugomvi. Mwanamke wa Kichagga akijifungua hulishwa mtori na supu yenye mafuta kwa miezi, tena kwa upendo wa kweli, na akitoka amenenepa watu humsifia kwamba ametunzwa. Mwaka mmoja baadaye mtu huyohuyo anaambiwa ajipunguze. Akikonda ghafla, mtaa unaanza kunong'ona kwamba anaumwa. Mwanamke anahukumiwa kwa mwili wake pande zote mbili, na ndiyo maana naamini njia isiyotazama mizani ina kazi kubwa huku kwetu kuliko inavyodhaniwa. Anayeogopa kusemwa ukubwa wake mbele ya foleni ya wagonjwa hachelewi kukosa kliniki, na presha isiyopimwa haisubiri.

Msimamo wangu ni huu: anza na mazoea, na mizani iwe shahidi mmoja kati ya wengi. Kipimo cha kwanza kinapatikana kwa fundi cherehani, ule utepe wa kupimia nguo. Upitishe kiunoni, katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, zaidi ya sentimita 80 hatari imeanza, na zaidi ya 88 imekuwa kubwa. Kisha pima presha, uangalie kama inafika 140 kwa 90, na sukari kabla ya kunywa chai ya asubuhi, ikisoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, irudiwe siku nyingine ili daktari athibitishe. Kolesteroli hupimwa kwenye maabara ya hospitali. Rudia baada ya miezi mitatu, na andika pia kama sasa unapanda mlima wa Sakina au ngazi za ofisini bila kusimama kuhema.

Aliye kwenye insulini au vidonge vya kushusha sukari amwone daktari kabla ya kubadili chakula na kuanza mazoezi, kwa njia yoyote atakayochagua. Dozi iliyotosha jana inaweza kuwa kubwa mno kwa mwili unaotembea kila siku, na sukari ikashuka hadi kutetemeka na kutokwa jasho jingi. Atembee na vipande vichache vya glukosi mfukoni, na wenzake wa alfajiri wajue viko wapi.