Sourav Ganguly, nahodha aliyegeuka rais wa bodi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika kriketi ya India ni wachezaji wachache waliosemwa kama Sourav Ganguly wa Kolkata. Mengi yanayorudiwa juu yake hayalingani na rekodi, na upotoshaji unazidi tunapofika kwenye miaka yake ya urais wa BCCI, bodi ya kriketi ya India.

“Alibebwa na utajiri wa kwao.”

Kweli alizaliwa mwaka 1972 katika familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa na biashara kubwa ya uchapishaji. Timu ya taifa, hata hivyo, haikumfungulia mlango kirahisi. Januari 1992 alichezeshwa mechi moja ya siku moja dhidi ya West Indies mjini Brisbane, akapata mikimbio 3, kisha akaachwa miaka minne. Juni 1996, katika Test (mechi ya siku tano) yake ya kwanza, tena uwanja wa Lord's, London, alipiga 131. Iliyofuata, Trent Bridge, akapiga 136. Mikimbio ya namna hiyo hainunuliwi na baba wa mtu.

Wengine husema alikuwa mashoto wa kuzaliwa. Hapana, mkono wake ni wa kulia. Alijifunza kupiga kwa kushoto ili atumie vifaa vya kaka yake, Snehasish.

“Alikabidhiwa timu iliyokwisha kuiva.”

Hili linaniudhi kuliko yote. Alipewa unahodha mwaka 2000 baada ya Sachin Tendulkar kuuachia, wakati kashfa ya kupanga matokeo imeuchafua mchezo na mashabiki hawajui wamwamini nani. Sisi wa Afrika Mashariki tuliuona mwanzo wa ujenzi wake hapa kwetu: Oktoba mwaka huo, uwanja wa Gymkhana, Nairobi, katika mashindano ya mtoano ya ICC, baraza la kriketi la kimataifa. Yuvraj Singh na Zaheer Khan waliichezea India kwa mara ya kwanza hapo, dhidi ya Kenya. Nahodha mwenyewe alipiga 141 bila kutolewa kuwaondoa Afrika Kusini katika nusu fainali, na 117 katika fainali waliyoshinda New Zealand.

Mapema 2001 Australia wakaja India, wakiwa wameshinda Test 15 mfululizo, na huko Mumbai wakaongeza ya 16. Mjini Kolkata, Australia waliirudisha India kupiga tena papo hapo, kwa kuwa ilikuwa imeachwa mbali mno. VVS Laxman akapiga 281, Rahul Dravid 180, na India ikashinda mechi na baadaye mfululizo mzima. Wakenya nao wana sababu ya kumkumbuka: nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, Durban, alipiga 111 bila kutolewa, na kikosi cha Steve Tikolo kikaishia 179 dhidi ya 270 za India.

“Ni nahodha wa kwanza wa India kuwa rais wa BCCI.”

Maharajkumar wa Vizianagram, aliyeiongoza India nchini Uingereza mwaka 1936, alikalia kiti hicho miaka ya 1950.

“Rais wa bodi ndiye mwenye timu.”

Desemba 2021, Virat Kohli alipopokonywa unahodha wa mechi za siku moja, hasira zote zilimwangukia Ganguly. Lakini kwa katiba ya bodi, nahodha huchaguliwa na kamati ya wateuzi. Kura za bodi nazo ni za vyama vya majimbo. Wala BCCI si idara ya serikali, ni chama kilichosajiliwa. Kosa la Ganguly, kwa maoni yangu, lilikuwa kueleza hadharani mazungumzo yake na Kohli, naye Kohli akayakana mbele ya waandishi. Rais asiye na kura ya uteuzi angewaachia wateuzi wajieleze.

Alipokuwa na nafasi ya kusukuma jambo, alilisukuma. Alichukua kiti Oktoba 2019, na kufikia Novemba, uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, ulikuwa unaandaa Test ya kwanza ya mchana na usiku nchini India, kwa mpira wa rangi ya waridi, dhidi ya Bangladesh. Mwaka uliotangulia India ilikuwa imekataa kucheza mechi kama hiyo Adelaide.

“Sheria ndiyo iliyomwondoa.”

Ilikaribia kumwondoa mapema. Kwa kuwa tangu 2014 alikuwa kiongozi katika Chama cha Kriketi cha Bengal, kanuni ya mapumziko ya lazima baada ya miaka sita ingemtoa BCCI mwaka 2020. Bodi ikaomba kanuni ibadilishwe. Septemba 2022 Mahakama ya Juu ilikubali miaka ya jimboni isijumlishwe na ya taifa, hivyo njia ya muhula wa pili ikawa wazi kabisa. Wapiga kura wa bodi ndio waliokwenda kwingine: Oktoba 2022 kiti alipewa Roger Binny, bingwa wa dunia wa 1983, bila mpinzani. Ganguly alirudi Bengal, na Septemba 2025 akawa tena rais wa chama cha huko, safari hii akimpokea kijiti kaka yake Snehasish.