Stima Inapofungua Utando wa Seli

"Daktari, yaani mwanangu atapigwa stima?" Mama mmoja wa Likoni aliniuliza hivyo baada ya kikao chetu kuhusu tiba mpya ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, mkono wake ukiwa begani mwa kijana wake. La, mama. Stima haimgusi mtoto. Zinazopitishiwa stima ni seli zake, tena zikiwa zimeshatolewa mwilini.

Kila seli imefunikwa kwa utando wa mafuta wenye unene wa takriban nanomita 5. Maji na mafuta hayachanganyiki, na hilo kila anayepika mchuzi analijua. Ndiyo maana DNA, na dawa nyingi zinazoyeyuka majini, hukwama nje ya seli. Lakini seli ikiwekwa kati ya vibamba viwili vya chuma na stima ikapita kufumba na kufumbua, chaji hukusanyika pande zote mbili za utando. Tofauti ikikaribia volti 1, maji hujipenyeza katikati ya mafuta na kutoboa vitundu. Volti 1 haifiki hata betri ya rimoti. Ila kwa utando mwembamba kiasi hicho, ni sawa na volti milioni 200 kwa mita.

Seli ikiwa ndogo huhitaji nguvu kubwa zaidi. Ili kuingiza DNA kwenye bakteria, tunatumia kichupa cha plastiki chenye vibamba vya aluminiamu vilivyoachana milimita 1, kikitoka kwenye barafu. Tunapitisha volti kama 1,800 kwa sehemu 5 hivi kati ya elfu moja za sekunde, kisha upesi tunamimina chakula cha bakteria ili wapate nguvu. Chumvi iliyo kwenye bakteria hao isipooshwa vizuri, cheche hulia "pa!" na kazi yote imekwisha.

Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake walionyesha kuwa kwa njia hii jeni huingia ndani ya seli za panya. Madaktari nao huitumia kwa baadhi ya saratani za ngozi: dawa ya bleomycin, ambayo kwa kawaida hupenya kwa shida, huingia kwa wingi pale pale kwenye uvimbe.

Turudi kwa selimundu, ugonjwa tunaoujua vyema hapa Pwani. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kurekebisha jeni za mwenye selimundu, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, stima huzifungua, na kifaa cha kukata jeni huingia na kuamsha hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ile ya mtoto mchanga, ambayo selimundu haiiharibu. Kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho. Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na hilo linaniuma. Kwa hiyo, mzazi, usiache haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya selimundu, wala miadi ya kliniki, na anayekuuzia mashine ya kumpitishia mtoto stima ili apone selimundu, usimpe hata shilingi.

Kijana mwenyewe alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza: vile vitundu huzibaje?

Mafuta hurudiana yenyewe, nikamwambia, na utando hujifunga ndani ya dakika chache. Zipo seli zisizowahi kujifunga, nazo hufa. Ndiyo maana huchukuliwa mamilioni kwa mamilioni, na pengine mgonjwa hulazimika kurudi kutolewa nyingine.