Maradhi ya mripuko na maandalizi ya wahudumu wa afya Zanzibar: maswali na majibu

Masika yakikaribia, mazungumzo ya kipindupindu hurudi mitaani, Unguja na Pemba: maji, vyoo, vyakula vya barabarani. Kuhusu wale watakaompokea mgonjwa wa kwanza huulizwa machache. Hapa tunajibu hayo machache.

Dharura ya afya ya jamii ni kipindupindu tu?

Hapana. Ni tukio lolote linaloumiza au kutishia watu wengi kwa mpigo hadi huduma za kawaida zikaelemewa. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, na kulipokucha mamia ya manusura walihitaji huduma. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Hakuna maradhi ya kuambukiza katika matukio hayo mawili, lakini yote yalimtaka mhudumu aanze kazi kabla hajapata nafasi ya kuuliza.

Sisi tumezungukwa na bahari. Maradhi ya bara yatatufikaje?

Bahari haijawahi kutukinga. Mripuko wa kwanza wa kipindupindu uliorekodiwa hapa ulitokea 1978 katika kijiji cha wavuvi, na baada ya hapo yamerudi mara nyingi. Ule ulioanza 2015 na kuendelea hadi 2016 uliua watu 68. Watu huingia kwa ndege, kwa boti za Malindi na Mkoani, na kwa bandari bubu pia. Wavuvi hwenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali na kwao, na kurudi.

Chukua Marburg, homa kali iliyoripotiwa mkoani Kagera, Tanzania Bara, mwaka 2023 na tena 2025. Aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili yoyote. Huyo atapimwa joto uwanja wa ndege, aonekane mzima, apite. Homa itampandia nyumbani kwao, na atakwenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa hiyo ukaguzi wa bandarini unasaidia, ila tegemeo letu kubwa ni muuguzi wa kituo kile, na swali lake moja: "Umesafiri wapi wiki tatu zilizopita?"

Muuguzi huyo anafundishwa nini hasa?

Kwanza, kushuku. Hangoji jibu la maabara. Kwa kipindupindu, mtu wa miaka 2 au zaidi anayeharisha maji matupu ghafla na kuishiwa maji mwilini sana anatosha kuhesabiwa mshukiwa, hata kama kinyesi chake bado hakijawa kama maji ya kukoshea mchele. Mshukiwa hutengwa na wagonjwa wengine papo hapo, na taarifa inakwenda kwa daktari dhamana wa wilaya siku ileile. Sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla ya kumpa antibaiotiki, kisha ipelekwe maabara. Pemba wana bahati ya kuwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000.

Pili, kutibu bila kusitasita. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, na kinaweza kumaliza mtu mzima mwenye nguvu zake ndani ya saa chache. Mgonjwa akipata maji ya kutosha mapema, vifo hushuka chini ya mtu mmoja katika kila mia. Anayeweza kunywa apewe ORS, yaani maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari. Aliyezidiwa anahitaji dripu ya ringa (maji yenye chumvichumvi ya kuingizwa mshipani), mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake: kwa aliyezidi mwaka mmoja, 30 za mwanzo ziingie katika nusu saa, 70 zilizobaki katika saa mbili na nusu. Mtu wa kilo 60 atahitaji lita 6, yaani chupa 12 za nusu lita, kwa saa tatu tu.

Hesabu hiyo naomba iangaliwe vizuri na kila anayepanga mafunzo. Kituo chenye chupa kumi kabatini hakijajiandaa kwa mgonjwa mmoja, hata kama wahudumu wake wote wana vyeti. Mafunzo yanayomfundisha muuguzi kiwango cha dripu yaambatane na ukaguzi wa stoo yake.

Vifaa vya kujikinga si ni kuvaa tu?

Kuvaa ni rahisi. Hatari kubwa iko kwenye kuvua. Mhudumu ametoka kwa mgonjwa wa Marburg amechoka, jasho linamtiririka, miwani imejaa ukungu, anataka hewa. Glavu na gauni sasa vimechafuka kwa nje, na akijigusa uso kwa mkono huo, vifaa vyote alivyovaa havikumsaidia kitu. Ndiyo maana kuvua hufanywa polepole, hatua kwa hatua, mbele ya mwenzake anayemtazama na kumwambia afanye nini sasa, na mikono inasafishwa kila baada ya hatua. Hili halijifunzwi kwa kutazama picha ukutani. Linataka kurudiwa mpaka mkono uzoee.

Klorini nayo ina viwango vyake: asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa, asilimia 0.05 kwa mikono. Anayevichanganya atauchubua mwili wake mwenyewe, au ataacha vijidudu sakafuni.

Tulihudhuria semina mwaka jana. Haitoshi?

Haitoshi, na hili nalisema kwa uzito. Ujuzi usiotumika hupotea, na mtu aliyefundishwa huenda sasa amehamishiwa kituo kingine. Semina ya siku tatu hotelini ina faida yake, lakini dharura haitatokea hotelini. Itatokea kituoni Micheweni usiku wa Ijumaa, muuguzi yuko peke yake na umeme umekatika. Mazoezi yafanyike hapohapo. Kuna ya mezani, ambapo watu hukaa na kisa cha kubuni na kila mmoja anasema angefanya nini, na kuna ya kuigiza, ambapo "mgonjwa" analetwa kweli na saa inahesabu. Mara nyingi yanafichua vitu vidogo vinavyoua: namba ya simu iliyobadilika, ufunguo wa stoo alionao mtu aliye likizo.

Kipimo kinachotumika sasa katika nchi nyingi ni 7-1-7: tukio ligundulike ndani ya siku 7, taarifa itolewe ndani ya siku 1, na hatua za mwanzo zikamilike ndani ya siku 7 nyingine.

Nani husahaulika?

Wafagiaji wa wodi, madereva wa gari la wagonjwa, wauza maduka ya dawa ambako wengi hupita kwanza, na wale wanaokosha maiti. Maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu bado inaweza kuambukiza, na ya Marburg ni hatari zaidi. Wakosha maiti, maimamu na masheha wakae meza moja na watu wa afya kabla ya msiba, ili heshima ya marehemu na usalama wa walio hai vipangwe pamoja. Kulijadili hilo mlangoni mwa nyumba yenye kilio ni kuchelewa na ni kuwaonea wafiwa.

Mhudumu naye akiogopa?

Ana haki ya kuogopa. Apewe vifaa kamili, zamu zenye mapumziko, na mtu wa kuzungumza naye. Kumlazimisha afanye kazi bila hivyo ni makosa.

Mimi si mhudumu wa afya. Nifanye nini?

Nyumba ikiwa na mtu anayeharisha maji, mpe ORS papo hapo, na umpeleke kituoni bila kungoja kukuche, huku akiendelea kunywa njiani. Ukiona watu wawili watatu wa mtaa mmoja wana dalili zinazofanana, au watu wameugua baada ya kula chakula kimoja, mwambie sheha siku hiyohiyo. Ukifika kituoni, mweleze muuguzi bila kuulizwa: dalili zilianza lini, mgonjwa alikula nini, maji ya kunywa mnachota wapi, nani mwengine nyumbani anaumwa, na katika wiki tatu zilizopita alisafiri wapi au alimuuguza nani.