Bela ya zamani na fundo linalokataa: yasemwayo shambani na yaliyo kweli

Masika yakishapita, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Tanga huanza kuwaza kiangazi. Wenye mashamba ya nyasi hukata, hukausha na kufunga marobota, na hapo ndipo bela, yaani mashine za kufungia marobota, zilizolala bandani mwaka mzima zinapoanza vituko: robota linatoka, kamba moja imefungwa, ya pili inaburuzika chini. Ushauri haukosekani. Dereva ana lake, jirani ana lake, fundi wa Ngamiani kwenye simu naye ana lake, na karibu wote wanataka kitu kikazwe. Mimi naanzia pengine: okota kamba iliyoshindwa, uitazame ncha zake kabla hujagusa spana.

"Kamba ya mkonge ndiyo mbaya, weka ya plastiki."

Mtu wa Tanga akisema haya, aone haya kidogo. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitokea Florida, na kwa miongo mingi kamba za kufungia mazao mashambani huko Ulaya na Marekani zilikuwa soko kubwa la mkonge wa Afrika Mashariki. Bela za zamani zilibuniwa kwa kamba hiyo hiyo. Unene wake huandikwa kwa mita kwa kila kilo: 150, 200 na kuendelea, na namba ikipanda kamba inakuwa nyembamba. Ya plastiki inaweza kufika 400. Ukitoka kwenye 150 ukaingia kwenye plastiki ya 400 bila kurekebisha kitu, kamba itateleza, kisha utailaumu mashine. Halafu vipande vya plastiki vinavyobaki kwenye majani ng'ombe huvimeza, na tumbo lake haliwezi kuvisaga.

Lawama ya haki kwa mkonge ni nyingine: roli iliyolala kwenye unyevu, kamba yenye sehemu nene na nyembamba, au roli inayovutwa kutokea nje badala ya katikati. Unapounga roli mbili, funga fundo dogo na upunguze ncha, kwani fundo nene hukwama njiani likielekea kwenye sindano.

"Fundo likikataa, kaza springi."

Hii ndiyo iliyoharibu mashine nyingi. Ili kuelewa kwa nini, fuata kazi yenyewe. Ncha moja ya kamba inabanwa juu kwenye sahani yenye mikato pembeni, tangu robota lililopita. Kamba inalizunguka robota jipya, kisha sindano inapanda kutoka chini ikileta upande wa pili hadi kwenye sahani ile ile. Sasa nyuzi mbili zimelala pamoja juu ya kidude cha chuma chenye umbo la mdomo wa ndege. Mdomo unazunguka mara moja, kamba zinajiviringa juu yake, unafunguka na kuuma nyuzi zote mbili. Kisu kinakata. Mkono wa chuma unapita na kukisukuma kitanzi kitoke mdomoni, nacho kinapita juu ya ncha zilizoumwa. Fundo limekwisha. Yote hayo hutokea kufumba na kufumbua, na misingi yake haijabadilika sana tangu John Appleby wa Wisconsin, Marekani, alipoitengeneza kwa ajili ya mashine za kufunga miganda ya ngano mwishoni mwa miaka ya 1870.

Jambo ambalo wengi hawaliwazi ni hili: mdomo unapozunguka unahitaji kujivutia kamba kidogo kutoka kwenye kibano cha sahani, ambacho nacho hukazwa kwa springi. Kibano kikiwa kigumu mno, kamba haiji, inakatika. Kikiwa kilegevu mno, inachomoka kabla fundo halijafungwa. Kwa hiyo "kaza" inaweza kuwa dawa ya ugonjwa mmoja na sumu kwa mwingine.

Sasa rudi kwenye kamba uliyookota. Ncha ikiwa imechanika nyuzi nyuzi, kisu ni butu au kibano kimekaza mno. Kama upande mmoja una fundo lake na mwingine ni mtupu, mara nyingi uzi mmoja umechomoka kwenye kibano, au sindano haikuufikisha mahali pake. Ukikuta ncha zote mbili zimejipinda, zina alama ya kuumwa, lakini hakuna fundo, itazame springi ya mdomo: ni legevu, au mdomo umeliwa. Na fundo likibaki limening'inia mdomoni hadi linakatika, mkono wa kusukuma haugusi vizuri, au mdomo una kutu na unakwaruza, au springi yake imekazwa mno. Ikiwa kosa ni hilo la mwisho, mzee anayesema "kaza robo tu, mwanangu" anaongeza tatizo. Fundi akimjibu "Mzee, tuione kamba kwanza", asionekane mkaidi.

Ukishajua, gusa kitu kimoja tu. Hesabu mizunguko ya nati, weka alama ya chaki, funga marobota machache, ndipo uamue. Anayegeuza nati tatu kwa pamoja hatajua ipi iliyosaidia, na kesho hatajua ipi ya kurudisha.

"Mpaka trekta lingurume ndipo utaona kosa."

Kinyume chake kabisa, na hii ni hatari. Zima trekta, toa ufunguo, chomoa shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye bela. Inua kwa mkono kitanga cha kufyatulia fundo, ndicho kinachoanzisha kufunga, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito la bela) taratibu kuelekea upande wake wa kawaida, mwenzako akiwa amesimama mbali na sindano. Utaona kwa macho sahani inaposhika, mdomo unapofunguka, mkono unapopita. Weka kidole mbali hata hivyo. Kisu hakijui kama trekta limezimwa.

"Kifunga fundo kimekufa, tafuta kingine kizima."

Bela ya kawaida ya marobota madogo ina vifunga fundo viwili, na mara nyingi kinachosumbua ni kimoja. Basi kile kizima ndicho kitabu chako cha maelekezo, hasa kama kitabu chenyewe kilipotea zamani. Linganisha: springi ya huku ina nyuzi ngapi za bolti zilizobaki nje? Mkono wa kule unagusa wapi? Mdomo upi unang'aa, upi una madoa? Nimeona mdomo uliotaka kutupwa ukaponywa kwa msasa laini na nusu saa ya subira. Kisu kinanolewa. Mkono wa kusukuma uliopinda hunyooshwa kidogo kidogo hadi uguse mgongo wa mdomo. Kununua seti nzima iwe hatua ya mwisho.

"Paka grisi kila mahali."

Gia na beringi zenye nipo (vichuchu vya kuingizia grisi) zinataka grisi kila siku ya kazi, hilo halina ubishi. Lakini breki ya kifunga fundo hufanya kazi kwa kubana. Ikipata mafuta, inateleza, na mashine inapitiliza mahali pa kusimama. Sindano hazikai zinapotakiwa. Na mdomo ukiloweshwa grisi unakusanya vumbi la majani hadi unakuwa kama umepakwa gundi.

"Bolti ya flaiwili ikikatika mara kwa mara, weka ngumu zaidi."

Usithubutu. Bolti ile imewekwa laini makusudi ili ikatike kabla ya sindano kuvunjika au gia kupasuka. Ikikatika sana, kagua kama sindano na pistoni, ile inayoshindilia majani, zinakwenda kwa wakati wake: sindano lazima zipite kwenye mifereji ya pistoni, na zikipishana vibaya chuma kitagonga chuma.

"Kamba ikikatika, kosa ni la fundo."

Mara nyingine kosa ni la saa. Pwani umande wa alfajiri ni mzito, na mtu anayeanza kufunga saa mbili asubuhi anaingiza majani mabichi na mazito. Robota hulemea kamba, na ndani huvunda. Kwa marobota madogo unyevu wa asilimia 15 hadi 20 ndio unaofaa. Ukizidi hapo, robota hupata joto na ukungu. Subiri jua lipande, kwangua shina moja kwa ukucha. Likiwa bado linatoa maji, kunywa chai kwanza. Pia lisha bela kwa kasi moja na pande zote sawa. Ukilisha upande mmoja tu, robota hutoka limepinda, na kamba ya upande ule mrefu ndiyo inayokatika.

Msimu ukiisha, futa vumbi lote kwenye vifunga fundo, paka mdomo na sahani mafuta mepesi kuzuia kutu ya hewa ya bahari, na kabla ya robota la kwanza la msimu ujao yafute kwa kitambaa kikavu.