"Hapa Palikuwa Petu": Maana ya Dai la Kihistoria

Majirani zangu wawili hapa Ujiji walifikishana kwenye baraza la kata kwa sababu ya kiwanja. Mmoja alikuja na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenzake hakuwa na karatasi. Alinyoosha mkono kuelekea mwembe uliomo kiwanjani akasema, "Ule mwembe aliupanda babu yangu." Wajumbe walimsikiliza kwa heshima, maana kwetu mti wa kupandwa ni ushahidi. Kisha mzee mmoja akamuuliza, "Na kabla ya babu yako, bwana mdogo, hapa palikuwa pa nani?" Akakosa la kusema.

Nafundisha historia sekondari, na kila nikifika kwenye mada ya vita na himaya swali lile la mzee hunirudia. Ndani yake mna dhana yote. Dai la kihistoria ni hoja kwamba nchi fulani ina haki juu ya ardhi ya wengine kwa kuwa zamani ardhi hiyo ilikuwa yake, au waliomo walikuwa watu wake. Kwenye baraza la kata hoja hiyo inasikilizwa, inapimwa, inaamuliwa. Ikitoka kinywani mwa mtawala wa mabavu mwenye vifaru, hakuna wa kuipima.

Utaitambua kwa kitenzi chake: kurudisha. Mvamizi wa aina hii hasemi anachukua; anasema anarudisha, anakomboa, anaunganisha ndugu waliotenganishwa. Tarehe 9 Juni 2022, miezi mitatu na nusu tangu majeshi yake yaivamie Ukraine, Vladimir Putin alizungumza na vijana mjini Moscow kuhusu Peter Mkuu, mfalme wa Urusi aliyepigana na Sweden miaka 300 iliyopita. Alisema Peter hakuwa akichukua kitu, alikuwa akirudisha, na kwamba sasa kazi hiyo imewaangukia wao. Neno moja tu likibadilishwa, mwizi anageuka mwenye mali.

Hoja hii inategemea mwaka unaoanzia kuhesabu, na hapo ndipo ujanja wote ulipo. Tuijaribu kwa Ujiji yenyewe. Ukianza kabla ya misafara ya pembe, utazikuta tawala za Waha. Ukianza miaka ya 1880, utaikuta bendera ya Sultani wa Zanzibar ikipepea kwenye nyumba za wafanyabiashara. Ukianza mwaka 1900 yupo Mjerumani. Mwaka 1917 yupo Mbelgiji, ambaye jeshi lake liliingia Kigoma Julai 1916 na halikuondoka hadi 1921. Baada yake Mwingereza. Na Wamanyema, ambao bila wao Ujiji haipo, mababu zao walitoka ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo hata upande wa Kongo angeweza kutokea mtu akasema hawa ni ndugu zetu, turudishieni. Kila mmoja wao angekuja na ramani na barua halisi, zisizo za kughushi. Itazame hata meli yetu, Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924 na kuirudisha majini 1927 kwa jina hilo tulilozoea. Ni ya nani, basi?

Historia haisemi saa isimame wapi. Anayeisimamisha ni mtawala, naye huisimamisha pale nchi yake ilipokuwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1934 Benito Mussolini, mtawala wa mabavu wa Italia, alibandika ramani nne za mawe kwenye ukuta wa barabara kuu mpya ya Roma. Ya kwanza inaonyesha Roma ikiwa nukta nyeupe kwenye jiwe jeusi. Ya pili nukta imeenea, ya tatu imeenea zaidi, na ya nne, ya enzi za Kaisari Trajan, weupe umeizunguka bahari yote ya Mediterania. Mpita njia hahitaji kusoma neno. Mguu unatembea na jicho linakua pamoja na himaya. Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliingia Ethiopia, Mei 1936 Mussolini akatangaza kwamba himaya imerejea Roma, na ramani ya tano, ya himaya yake mwenyewe, ikabandikwa pembeni. Lakini zitazame tena zile nne: Ethiopia haimo hata moja. Warumi hawakuwahi kuitawala. Kilichokuwa kikiwauma Waitalia kilikuwa cha juzi tu, kipigo walichokipata Adwa mwaka 1896 mbele ya jeshi la Menelik, mfalme wa Ethiopia. Aibu hiyo ikavikwa joho la Kaisari.

Kwa Ukraine ni vivyo hivyo. Hesabu ya Putin, aliyoiandika kwa urefu Julai 2021, inarudi nyuma zaidi ya miaka 1,000 na kukaa sana kwenye karne ya 17, Wakosaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, walipojiweka chini ya mfalme wa Moscow. Kwenye mizani yake, Desemba 1991 ni nyepesi, ingawa ndipo zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura Ukraine walipochagua uhuru. Hata 1994, Urusi ilipotia saini kwamba itaiheshimu mipaka ya Ukraine, haina uzito.

Sisi Watanzania hili tulilionja. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, kilomita za mraba kama 1,800, sasa ni la Uganda. Hoja ilikuwa kwamba mpaka wa haki ni mto, na ule mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta ni kazi ya wakoloni. Na kweli ni kazi ya wakoloni: Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1890. Miaka miwili kabla ya hapo Amin alikuwa amedai pia magharibi ya Kenya, kwa kuwa eneo hilo lilihamishwa kutoka Uganda mwaka 1902. Ila kilichomsukuma Kagera hakikuwa mwaka 1890. Jeshi lake lilikuwa likiasi ndani kwa ndani, naye alihitaji adui wa nje. Baba yangu mdogo alikwenda vita ile akiwa mgambo. Hadi leo akisikia jina la Kyaka, kule Kagera, hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Nasisitiza jambo hili darasani kwa sababu wanafunzi hudhani ujanja uko kwenye uongo. Mara nyingi tukio linalotajwa ni la kweli kabisa. Pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, wageni husimuliwa biashara ya utumwa, na haikuwa hadithi: watu walifungwa minyororo hapa, wakatembezwa hadi Tabora na kuendelea hadi Bagamoyo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliibeba habari hiyo ya kweli, akaitisha mkutano Brussels mwaka 1876, akasema anakuja kuukomesha utumwa. Alipojipatia Kongo, watu wake wakawachapa na kuwaua wanavijiji ili walete mpira. Na mwaka 1887 alimteua nani kuwa gavana wa Stanley Falls, huko huko Kongo? Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Mateso ya mababu zetu yalikuwa kweli, yaligeuzwa tiketi.

Kwa nini watawala wa mabavu hasa? Kila taifa hujisifia zamani zake, hata yale yenye uchaguzi huru. Tofauti ni kwamba kwa mtawala wa mabavu yule mzee wa barazani hayupo, au amenyamazishwa. Desemba 2021, wiki chache kabla ya vita, mahakama ya Urusi iliamuru kufungwa kwa Memorial, taasisi iliyotumia miongo mitatu kukusanya majina ya waliouawa na Stalin. Septemba 2023 shule zikapokea kitabu kipya cha historia kinachoitetea vita hiyo kwa wanafunzi wa madarasa ya juu.

Afrika ilikuwa na sababu nyingi kuliko bara lolote za kuidai mipaka upya. Julai 1964 mjini Cairo wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele, waliamua kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, mibaya ilivyo. Somalia ilikataa, nyota ya bendera yake ina ncha tano kwa ajili ya maeneo matano ya Wasomali. Mwaka 1977 mtawala wake, Siad Barre, aliingiza jeshi Ogaden, eneo la Wasomali lililomo Ethiopia, na Machi 1978 likarudi limevunjika. Ndiyo maana Februari 2022 balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa na cha kuliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa: mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon, na kama tungefuata udugu wa damu tungekuwa bado tunapigana.

Wanafunzi huniuliza kama basi kudai cha kale ni kosa siku zote. Hapana. Angalia kinachodaiwa: ni kitu kilichoibwa, au ni watu wanaotakiwa kutii? Mwaka 1937 askari wa Mussolini waliubeba mnara wa mawe wa Aksum na kuusimamisha Roma. Waethiopia waliudai kwa miaka na miaka, kwa barua na mikutano. Aprili 2005 ulirudi kwa ndege katika vipande vitatu, na mwaka 2008 ukasimamishwa tena Aksum.