Kupinga ukomunisti hakukuzaliwa Washington, jamani

Juzi tena. Nimekaa barazani na kahawa yangu, sina hili wala lile, mzee mmoja anawaambia vijana ati kupinga ukomunisti kumeletwa na Wamarekani baada ya vita vya Hitler, na kila aliyepinga ni kibaraka wao, kwisha. Nikamwambia ami, samahani, sivyo. Akanijibu nyie walimu wa skuli mmelishwa vitabu vya wazungu. Haya, nikanyamaza, ila mwaka huu nishanyamaza sana.

Papa Pius wa 9 aliulaani ukomunisti mwaka 1846. Marx na Engels wametoa Manifesto yao 1848! Yaani walishapigwa marufuku kabla hawajaandika, na sie huku Zanzibar bado tuko na sultani Seyyid Said. Mapinduzi ya Urusi 1917, kamatakamata ya wakomunisti Marekani 1919, mkataba wa Hitler na Wajapani wa kuupinga ukomunisti 1936, seneta McCarthy wa Marekani na msako wake 1950, hayo yamo kwenye silabasi, napita.

Kinachonikera mie ni hili neno kibaraka, maana linafuta watu chungu nzima. Ujerumani Januari 1919 serikali ilikuwa ya wasoshalisti, sio mabepari, na ndio iliyowaita wanajeshi waliokuja kumuua Rosa Luxemburg, kiongozi wa wakomunisti. Poland 1980 waliogoma ni mafundi wa kiwanda cha meli Gdańsk, wafanyakazi hasa, wanaigomea serikali inayojiita ya wafanyakazi. Halafu kuna mabaharia wa Kronstadt, Urusi, 1921: hawa walimsaidia Lenin kushika nchi, baadae wakadai uchaguzi huru wa mabaraza yao na jeshi la Trotsky likawamaliza. Sasa hao utawaita wapinga ukomunisti au wakomunisti waliochoka? Nafundisha hii kila mwaka na kila mwaka jibu langu linageuka, wallahi.

Na Indonesia 1965 je? Jeshi pamoja na vijana wa jumuiya za Kiislamu, watu laki kadhaa wameuliwa kwa kushukiwa ukomunisti, wengine na majirani zao. Marekani ilifurahi na ilisaidia, sikatai, lakini ugomvi wa mashamba na wa dini pale kijijini hukutumwa kwa meli kutoka New York. Ukisema vibaraka tu umewasamehe wauaji wenyewe.

Upande wa pili, kuna kupinga ukomunisti kusikohitaji mkomunisti. Makaburu wa Afrika Kusini walitunga sheria yao 1950 na wakautafsiri ukomunisti kwa upana hivi kwamba yeyote aliyetaka mabadiliko kwa vurugu anaingia, hata awe hajawahi kumsikia Marx.

Hapa kwetu ndio kichekesho. Kabla ya 1964 chama cha Hizbu (ZNP) ndio kilichotiliwa shaka ya ukomunisti, ina ofisi mpaka Havana, vijana wake wanakwenda Cuba, na Abdulrahman Babu, katibu wake mkuu, akafungwa na Waingereza 1962. Afro-Shirazi, chama cha Karume, ndio ikaonekana ya wastani. Januari 1964 mambo yakapinduka, Afro ikashika nchi na Babu yumo, magazeti ya Magharibi yakaanza kuandika Cuba ya Afrika, Wamarekani wakahamisha kituo chao cha vyombo vya anga pale Tunguu. Watu ni walewale jamani! Na Okello, aliyetangaza mapinduzi redioni, alikuwa hautaki ukomunisti hata kuusikia.

Makomredi nao, yaani Babu na wafuasi wake? Babu aliwekwa ndani 1972 baada ya Karume kuuawa, akatoka 1978, na aliyemfunga ni serikali ya ujamaa, hakuna Mmarekani aliyeshika ufunguo. Kuna wanaosema huo nao ulikuwa ni upinzani dhidi ya ukomunisti. Mie naona ulikuwa ugomvi wa nani anaaminika na nani haaminiki, lakini sina raha na jibu hili, maana Makomredi walishaogopwa zamani kwa yale waliyoyasoma.

Yule mzee nilipomwambia hayo ya Babu alikaa kimya kidogo, akauliza, "Sasa Karume alikuwa upande gani?" Nikamuuliza anakaa wapi. Michenzani, akasema. Nikamwambia hayo majumba ramani yake ni ya Wajerumani wa Mashariki, na Wajerumani wa Magharibi walinuna Zanzibar ilipowatambua wenzao 1964. Akacheka, akaniambia maji yenyewe hayapandi ghorofani siku ya tatu leo, niwaambie hao wa Magharibi wasinune tena.